Falesi Nahipa na Mkono wa Chitimbe

"Nileteeni mtoto anayetanguliza matako na daktari anayetanguliza digrii. Mtoto atatoka salama. Kwa daktari sitoi ahadi."

Maneno hayo marehemu Agogo, yaani Bibi, Falesi Nahipa aliyasema kwenye kipaza sauti, uwanja wa shule ya Migowi, Siku ya Wakunga, tarehe 5 Mei 2010. Mkuu wa wilaya alicheka mpaka akafuta macho. Madaktari wawili waliokaa kando yake walitazama viatu vyao. Familia inaanza na maneno hayo kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo: "Msianze na 'alizaliwa'. Nani hakuzaliwa? Anzeni na nilichosema." Tumetii. Sasa tunarudi kwenye utaratibu, ili mchungaji naye apumue.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika kijiji cha Mwahiwa, chini ya mlima Michesi, wilaya ya Phalombe, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa hayati Bwana Sandramu Mhipa (kwetu binti wa Mhipa huitwa Nahipa) na hayati Bibi Elube Namalima. Alizaliwa shambani, kwenye mbaazi, na alitanguliza matako. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliipa dunia mgongo kabla hajaiona, na tangu hapo hakubadilika.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo kijijini, kisha sekondari Mulanje, na mwaka 1970 akaingia chuo cha uuguzi na ukunga Zomba. Huko alifundishwa na daktari mmoja Mholanzi, Dokta Wim, mtu mnene, mpole, aliyekuwa na tabia moja ya ajabu. Mama akija na mtoto aliyetanguliza matako, Dokta Wim alichukua kiti, akakaa, akaiweka mikono yake chini ya mapaja akaikalia. Wanafunzi wakamuuliza, "Dokta, mbona umekaa tu?" Akajibu, "Nani amekaa tu? Mama anafanya kazi yake, mtoto anafanya yake, na mimi nafanya yangu. Yangu ndiyo ngumu: kutoingilia." Aliwafundisha pia mikono ya kusaidia, yaani namna za kumshika mtoto, pale mtoto anapokwama kweli, na kila mkono ulikuwa na jina la daktari wa Ulaya aliyeugundua. Marehemu aliyashika majina yote. Alihitimu mwaka 1973 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa msichana ambaye baadaye aliacha ukunga akafungua duka la vitenge Limbe. Marehemu hakununua kitenge Limbe maisha yake yote.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika hospitali ya misheni ya Likhonyowa. Watoto waliotanguliza matako waliachiwa yeye, kwa sababu wenzake walitetemeka na yeye alitulia. Wapo humu msibani, na mnajijua. Mliingia duniani kwa kuwaonyesha wazazi wenu makalio, na leo mmevaa tai.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Bwana Laston Mukhito, fundi cherehani wa Migowi. Siku ya kuposa, wajomba wa pande zote mbili walikaa wakatazamana, halafu mjomba wa bibi harusi akauliza, "Kijana wenu anajua nini?"

"Anashona," wakajibu wajomba wa bwana harusi.

"Anashona nini?"

Laston, ambaye kwa desturi hakutakiwa kufungua mdomo, akaufungua: "Chochote chenye tundu la kutokea kichwa, Mjomba."

Alitozwa kuku kwa kuropoka, kisha akapewa mke. Akahamia kwetu Mwahiwa, kama wakwe wote wa kiume wanavyohamia, na cherehani yake akaibeba begani. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mzee Laston alitangulia mwaka 2017. Waliishi kwa kuchokozana, na siku walipokosa la kuchokozana waliingia kanisani.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi yenu mngependa turuke. Haturuki.

Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1991, marehemu alikuwa wodi ya wazazi Likhonyowa na binti wa miaka ishirini, Lizineti Namwiri, mimba ya kwanza. Mtoto alitanguliza matako na alikuwa anashuka vizuri. Alikuwa ametoka mpaka kitovuni, rangi njema, miguu inachezacheza, na marehemu alikuwa amesimama mikono nyuma, akiangalia. Ndipo akaingia Dokta Wyson Chitimbe, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo mwezi uliopita.

"Dada, unafanya nini hapo? Unasali?"

"Nangoja, Daktari. Anashuka mwenyewe."

"Unangoja Pasaka?"

"Nangoja mabega. Nakuomba usimguse."

"Sogea."

Alimshika mtoto kiunoni, akavuta. Mtoto akivutwa hivyo hushtuka, kama ambavyo yeyote kati yenu angeshtuka. Mikono iliyokuwa imekunjwa kifuani hupanda juu, kidevu huinuka, na kichwa kilichokuwa kinapita hakipiti tena. Haya si maoni ya familia. Mwulizeni mkunga yeyote aliyekaa karibu nanyi; leo hamtakosa. Alikuwa mtoto wa kiume. Alipotoka alikuwa ameshakufa.

Kamati ya hospitali ilikaa. Dokta Chitimbe alisema mkunga alichelewa kumwita. Lizineti, ambaye mambo yote yalitendeka mwilini mwake, hakuulizwa. Marehemu aliambiwa aende kwa familia ya mtoto akaombe radhi. Alisema, "Nitaomba radhi siku mikono iliyovuta itakapogeuka kuwa yangu." Basi akahamishiwa kituo cha afya cha Mwalija, kule barabara inapoishia kwenye matete ya ziwa Chilwa, na Dokta Chitimbe akapandishwa cheo. Familia haisemi kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Familia inayataja tu katika sentensi moja.

Tangu siku ile marehemu alitaka jambo moja. Hakutaka fidia, wala kurudishwa Likhonyowa. Alitaka Dokta Chitimbe asimame mbele ya Lizineti na aseme kwa kinywa chake, "Nilivuta mimi." Mafunzo, safari, vyeti, sifa zote mtakazozisikia hapa chini, alizifanya kwa moyo, lakini chini ya moyo lilikuwepo hilo.

Dokta Chitimbe tunaye leo, mstari wa mbele. Tunamshukuru kwa kufika. Kiti hicho alichaguliwa na wajukuu, ili asikie vizuri. Na kwa kuwa wajukuu ndio waliochimba kaburi na ndio walioandika wasifu huu, na kwa mila yetu mjukuu hafungwi mdomo msibani, tunaomba waheshimiwa watuvumilie kama walivyovumiliwa wao.

Huko Mwalija, mwaka 1992, marehemu alianza kufundisha. Darasa la kwanza lilikuwa na watu wanne na turubai moja. Mzee Laston alimshonea nyonga ya kitambaa cha kaki yenye tundu la kunyumbuka, na mwanasesere aliyejazwa pumba za mahindi, mwenye mikono inayokunjika. Mmoja alipiga magoti akaegemea benchi, nyonga imefungwa kiunoni, akawa mama. Mwingine alimsukuma mwanasesere taratibu kutoka upande wa tumbo, apite kwenye nyonga. Wengine walisimama nyuma, mikono mgongoni, wakijifunza kuona. Je, anageuka inavyotakiwa? Je, kifuani pana mkunjo katikati, dalili kwamba mikono yake ameikunja mbele na iko salama? Je, rangi inabadilika, miguu inalegea? Kama hakuna tatizo, usiguse. Kama lipo, ujue ni lipi, na mkono gani unalitibu, kisha uingie bila kusitasita. Aliyegusa kabla ya wakati aliosha sufuria la nsima, ugali wetu, siku hiyo. Lile sufuria lilioshwa na watu wenye digrii mbilimbili.

Siku ya tatu ya darasa lile la kwanza alifika kwenye mikono yenye majina. Aliitaja yote ya Wazungu. Halafu akamshika mwanasesere kiunoni, akamvuta, na mikono ya mwanasesere ikapanda juu ya kichwa kama ya mtu aliyeporwa njiani. "Na huu," akasema, "ni mkono wa Chitimbe."

Msaidizi wa tabibu akauliza, "Agogo, huyo naye ni Mzungu?"

"Hapana. Wa kwetu kabisa."

"Sasa mkono mbaya nao hupewa jina?"

"Kama mkono mzuri una mwenyewe, mkono mbaya nao usiwe yatima."

Jina likashika kama kupe. Likatoka Mwalija kwa baiskeli, likafika Phalombe kwa basi, likavuka kwenda Mulanje na Zomba. Wakunga wakapokezana zamu wakiambiana, "Leo angalia, kuna daktari mgeni, asije akamfanyia mtu Chitimbe." Wanafunzi walioandika jina hilo katika mtihani walipewa alama. Dokta Chitimbe mwenyewe, huko Likhonyowa, inasemekana alilisikia mara ya kwanza kutoka kwa daktari mwanafunzi ambaye hakujua anaongea na nani. Kijana yule alihamishwa. Jina lilibaki.

Lizineti alikuja Mwalija mwaka 1993, kwa miguu, kitambaa cheusi kichwani. Marehemu alidhani amekuja kulia. Hakulia. Alisema, "Nimesikia unawafundisha watu. Nataka kuona ilivyotakiwa kuwa."

Marehemu alimfunga mwanafunzi mmoja nyonga, akampitisha mwanasesere polepole, makalio, mgongo, mabega, kichwa, bila mkono wa mtu. Mwanasesere akadondoka kwenye kitenge.

"Tena," akasema Lizineti.

Akampitisha tena. Na tena. Baada ya mara ya tatu Lizineti alisema neno moja: "Kumbe." Akavua kanga ya begani, akapiga magoti kwenye turubai, akasema, "Nifungeni mimi." Tangu siku ile akawa mama wa mafunzo. Maelfu ya mikono imejifunza nyuma yake. Baadaye alizaa watoto wanne, wote kwa mikono ya marehemu, wote kichwa kwanza, na marehemu alilalamika kwamba wamemnyima raha.

Ikafika miaka ambayo hospitali kubwa ziliacha kabisa kazi hii. Kila aliyekuwa na mtoto wa matako alipelekwa kwenye kisu, na vijana wakamaliza udaktari bila kuona hata mmoja akizaliwa kwa njia yake. Marehemu hakuwa adui wa operesheni. Alikuwa wa kwanza kusema "huyu apelekwe" pale mtoto alipokuwa mkubwa mno, au ameinua shingo, au hashuki. Lakini alisema, "Kisu ni rafiki mzuri, ila hakipandi mtumbwi." Alimaanisha wanawake wa kwenye matete, wenye kovu la mwaka juzi, mimba nyingine tumboni, na ambulensi iliyo kwenye mawe bila magurudumu. Kwa hiyo hakuacha. Walipoacha wengine, yeye alifundisha zaidi. Na mkuu mmoja wa afya alipomwandikia aache mafunzo ya kizamani, alimjibu kwa kumpelekea mwanasesere aliyechakaa, amefungwa vizuri, pamoja na salamu za Krismasi.

Mwaka 2008 upepo uligeuka. Waliokuwa wamesahau wakakumbuka, wakatafuta anayejua, na anayejua alikuwa Mwalija. Magari meupe yakaanza kupaki penye matete. Alistaafu mwaka 2011 na hakupumzika hata wiki. Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa daktari, Dokta Tamandani Gwaza, aliyekuja akiwa na hofu na akaondoka akiwa na mikono. Tunataja hilo ili isije ikasemwa kwamba bibi yetu alichukia madaktari. Alimchukia mmoja.

Na mmoja huyo alikuja. Ilikuwa Septemba 2013. Utaratibu mpya wa wilaya ulisema hakuna atakayeongoza wodi ya wazazi bila cheti cha mafunzo haya, na Dokta Chitimbe alikuwa sasa mkuu wa Likhonyowa, kichwa cheupe, tumbo mbele. Aliketi nyuma kabisa ndani ya ukumbi wa kanisa, mafunzo yalipofanyiwa, pamoja na madaktari wake vijana.

Marehemu alisema, "Karibuni. Hapa kila mtu atapiga magoti mara moja awe mama, ili ajue anaongea na nani."

"Mimi nitaangalia tu, Agogo," akasema Dokta Chitimbe.

"Kuangalia ndiyo kazi yenyewe, Bwana daktari, na ni ngumu. Ndiyo maana tunaanza na nyepesi. Vua koti."

Alivua koti. Alipiga magoti kwenye turubai, kifua kwenye benchi, na nyonga ya Mzee Laston ikafungwa kiunoni mwake, nayo haikutosha, ikabidi iongezwe kamba. Marehemu alikaa mbele yake na mwanasesere. Kisha akaita, "Lizineti, leo wewe uwe mkunga."

Lizineti alisimama nyuma ya Dokta Chitimbe. Akaweka mikono mgongoni. Marehemu akaanza kumsukuma mwanasesere. Hakuna mtu aliyewahi kumsukuma mwanasesere taratibu vile. Makalio yalipotokeza, jua lilikuwa limeshahama dirisha.

"Agogo, magoti," akasema Dokta Chitimbe.

"Wazazi nao wanayo."

"Mgongo unauma."

"Pumua. Au tukuvutie?"

Mwanafunzi mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Dokta Chitimbe akajaribu kugeuza kichwa aone aliye nyuma yake anafanya nini. Ndipo Lizineti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa:

"Tulia, Bwana daktari. Mimi sivuti."

Mwanasesere alitoka mwenyewe, mzima, kichwa na vyote, akaangukia kwenye kitenge. Dokta Chitimbe alibaki amepiga magoti hata baada ya kamba kufunguliwa. Lizineti alimsogelea kwa mbele, akasimama, akangoja. Marehemu naye akangoja. Watu wote waliokuwepo wanasema kinywa chake kilifunguka.

Alisema, "Naomba maji."

Akapewa maji. Mwisho wa juma alifanya jaribio kama wengine, mikono yake ikatulia, akajua pa kugusa na pa kuacha, na marehemu akamsainia cheti kwa haki. Alipoulizwa nyumbani kwa nini hakumfelisha, alijibu, "Mikono yake nimeshaifundisha. Kilichobaki ni mdomo."

Familia ingependa kusema kisasi hiki kilikuwa safi kama maji ya Michesi. Hakikuwa. Mwaka 2015 mkunga kijana aliyefunzwa naye alisimama mikono nyuma mbele ya mtoto aliyekwama kweli, kifua hakina mkunjo, miguu imelegea, na hakugusa. Muuguzi mkubwa alimsukuma kando, akaingiza mkono, akamtoa. Mtoto alipuliziwa hewa, akalia, yu hai. Kijana alipoulizwa kwa nini alisimama, alisema aliogopa kuitwa Chitimbe. Marehemu alipanda kabaza mpaka kwenye kituo chake, bibi wa miaka sitini na nne juu ya baiskeli ya kukodi, akamwambia, "Mwanangu, nilikufundisha kuliogopa jina la mtu, nikasahau kukufundisha kumwogopea mtoto. Nisamehe." Akayageuza mafunzo. Kuanzia hapo siku nzima ilitengwa kwa mkono wenye sababu. Dokta Tamandani akamshauri, "Agogo, basi na lile jina tulitoe." Akasema, "Nimerekebisha somo. Jina halikukosea."

Mwaka 2022 nsima ilianza kumkwama kooni. Alisema ni mbaazi za mwaka huo, zina kiburi. Mwezi Oktoba, Blantyre, aliambiwa ni saratani ya umio. Aliishi kwa uji na thobwa, yaani togwa, akapungua mpaka pete ya ndoa ikahamia kidole gumba, ila ulimi haukupungua hata gramu. Akiwa kitandani, yeye na Dokta Tamandani walimalizia kijitabu cha mafunzo, chenye picha, ambacho kilisubiri neno lake la mwisho kiende kwa mchapaji.

Mwezi Aprili mwaka huu, 2024, Dokta Chitimbe alimtembelea, akiwa amestaafu, peke yake, na mfuko wa zabibu. Wajukuu walikuwa uani na dirisha lilikuwa wazi.

"Poleni, Agogo."

"Tumeshapoa. Kaa. Kiti usikivute, mguu mbovu."

Alikaa. Zabibu alizishika mapajani kama mtu aliyepanda basi.

"Nasikia kitabu kinakwenda kuchapwa."

"Masikio yako mazima."

"Agogo, mimi nina mjukuu, jina lake Wezi. Anasomea ukunga Lilongwe. Mwalimu wao ametaja lile neno darasani, na wenzake wote wakamgeukia. Yeye alikuwa hajazaliwa."

Marehemu akasema, "Wezi ni jina zuri. Mtoto wa Lizineti hakuitwa kitu. Hakupata nafasi."

"Miaka thelathini na mitatu, Agogo."

"Ndiyo. Angekuwa na ndevu."

"Nifanye nini?"

"Nyumba ya Lizineti unaijua? Huijui. Ukitoka hapa, pita kisima, nyumba ya mlango wa buluu. Ingia, kaa chini, sema: nilivuta mimi. Maneno mawili matatu tu. Ukimaliza, jina linatoka kitabuni, na mwalimu wa Wezi nitamwandikia mwenyewe."

"Kuna mambo ya kisheria pale."

"Sikukwambia umwambie hakimu. Nimekwambia umwambie Lizineti."

Alisimama. Alisema, "Nitafikiri." Zabibu alimwachia mtu asiyeweza kumeza. Wajukuu walimsindikiza kwa macho. Alifika kisimani, akasimama, akaangalia upande wa mlango wa buluu, kisha akaingia kwenye gari lake.

Lizineti aliambiwa. Kwa wiki kadhaa hakwenda shamba wala sokoni. Alisema anapanga vyombo.

Jumapili tarehe 9 Juni 2024, baada ya ibada ya asubuhi, akina mama wa kanisa walikuja kumwimbia marehemu kitandani pake. Walipomaliza wimbo wa pili alifungua macho, akamtafuta Lizineti, aliyekuwa amekaa miguuni pake.

"Amekuja?"

"Hajaja, Agogo."

Akamgeukia Dokta Tamandani. "Basi chapeni."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki mchana huo, nyumbani kwake Mwahiwa, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha watoto watatu, Gresham, Eliness na Dalitso, wajukuu kumi na mmoja, wote wakiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu, vitukuu wawili, dada yake mdogo, Bibi Malita, Lizineti Namwiri, ambaye leo amekaa na wafiwa wa damu na asiombwe na mtu yeyote kuhama, na wakunga na madaktari waliopitia turubai lake, ambao wamekuja na magari, baiskeli na mitumbwi. Walioacha zamu kuja hapa, tafadhali rudini baada ya mazishi. Kuna mtu anashuka.

Mikono yake ilijua kutulia kabla ya leo. Itulie sasa kwa amani.

Kijitabu chake, *Kumpokea Mtoto Aliyetanguliza Matako*, kimetoka kwa mchapaji jana. Mkono wa Chitimbe uko ukurasa wa tisa, jina kamili, pamoja na picha ya mchoro. Kinapatikana kwenye meza ya akina mama, karibu na lango. Bei yake ni kwacha elfu nne.